Ng'ombe Aliyetoka Ng'ambo ya Milima

Kazi yangu hapa Sydney ni kutazama damu ya wanyama. Baba yangu alikuwa msimamizi wa josho la ng'ombe kule Tanga, kwa hiyo kupe niliwajua kabla sijajua kwamba mtu anaweza kuwasomea hadi chuo kikuu. Maabara yetu inachunguza kimelea kinachoenezwa na kupe, ndugu wa kile kinacholeta ndigana kali nyumbani. Huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuziharibu, mpaka ng'ombe anakuwa mweupe ufizi na kuhema akiwa amesimama tu.

Jirani yangu hapa mtaa wa Lidcombe ni mzee wa Kirundi aliyeishi miaka mingi kambini Kigoma. Anafanya kazi kwenye ghala moja kitongoji cha Ingleburn, na mkewe anahudumia wazee. Ng'ombe wa baba yake walipotea vitani, na tangu hapo hakuwahi kumiliki hata mmoja. Alipopata malisho ya kukodi nje ya jiji, upande wa pwani, alinunua ng'ombe mmoja mwenye mimba kutoka bara, ng'ambo ya milima. Alinionyesha picha yake kwenye simu kama watu wanavyoonyesha picha za wajukuu.

Majira ya kuchipua alinipigia.

"Dada, ng'ombe yangu inasimama peke yake. Haitaki kutembea."

"Macho yake yakoje, mzee? Mvute kope la chini."

Alimshika, akatazama. "Nyeupe. Nyeupe kama karatasi."

Nilimwambia amwite daktari wa mifugo wa huko mara moja, na asimswage hata hatua chache, maana damu ikishapungua hivyo, mwendo tu unaweza kumwua. Kisha nikaendesha gari kwenda huko malishoni. Nilimkuta mzee amembebea ng'ombe maji kwa ndoo, amechuchumaa kando yake. Daktari alikuwa ameshatoa damu, akaniruhusu kuchukua kichupa kimoja. Masikioni mwa ng'ombe kupe walikuwa wamejipanga kama mbegu.

Maabarani nilipaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, nikaweka chini ya hadubini. Sikuhitaji kutafuta. Vimelea vilikuwa karibu katika kila chembe, vidogo kama alama za mkato.

Nilimpigia mzee, nikamweleza.

"Basi ni ndigana," alisema, na sauti yake ikapata nguvu. "Kigoma kulikuwa na sindano. Nimeona kwa macho yangu ng'ombe ikiamka."

"Sindano ile hapa haijaruhusiwa, mzee."

"Hata kwa mnyama anayekufa?"

"Hata kwa huyo."

Nilijua sababu zake, mabaki ya dawa kwenye nyama na maziwa, na nilizieleza vizuri. Wakati nazieleza niliona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyeifungia kabatini.

Ng'ombe alizaa siku chache baadaye, ndama jike, mdogo lakini mzima. Mama hakuweza kusimama tena. Daktari alirudi kumwongezea damu ya ng'ombe mwingine, ikampa siku moja. Nilifika wakati mzee anamfunika kwa turubai. Mkewe alikuwa akimnyonyesha ndama kwa chupa, anazungumza naye Kirundi kwa sauti ya chini.

Mzee alinipeleka pembeni, kwenye ua wa waya.

"Niambie ukweli. Kule bara kupe hawa wako?"

"Hawapo."

"Kwa hiyo mwili wake haukuwajua."

"Haukuwajua, mzee."

"Ningemwacha kule, angeishi?"

Nilitaka kumwambia kwamba haya ni mambo ya Mungu, na kwetu neno hilo lingetosha. Lakini alikuwa ameniuliza mimi, niliyesomea jambo hilohilo.

"Pengine angeishi," nilisema. "Hakuna aliyekuambia. Na mimi uliponionyesha picha sikuuliza unamtoa wapi."

Aliitikia kwa kichwa, akashika waya kwa mikono yote miwili. Alilia bila sauti, na mimi nikasimama naye.

Baadaye aliniomba nikazungumze kanisani kwao, kwa sababu wengine nao walikuwa wanataka kununua. Nilisimama na mtandio wangu mbele ya Warundi na Wakongo, nikasema kwa Kiswahili habari za kupe, za kupima damu na za kutomhamisha ng'ombe mwenye mimba. Mzee alitafsiri kwa wasioelewa. Binti mmoja aliuliza kwa Kiingereza kama ndama aliyebaki atapona.

Ndama naye aliugua, akiwa na wiki chache tu, kisha akapata nafuu. Sasa amekua, ni mtamba. Kimelea kimebaki katika damu yake, kama kinavyobaki kwa wengi wanaopona, na kila ninapopita kumpima damu, mzee humshika kichwa, akitazama pembeni sindano inapoingia.