Neno la Nne Nililoongeza Mbele ya Chifu

Kama mtu angeweza kuomba siku moja ya maisha yake ifutwe, ningeomba ile siku ya wazazi, na nisingeomba kitu kingine mpaka nizeeke. Naona aibu hata kuiandika, na hapa hakuna anayesoma ila mimi (na nyinyi wasichana wa bweni mnaofungua daftari za watu, nawajua).

Kwanza mjue mimi si mtu wa kusema. Nikiulizwa swali darasani huwa najibu dawati. Lakini mwalimu wetu wa Kiswahili alitaka wazazi waone kwamba shule yao ya harambee haifundishi upuzi, akachagua wanafunzi watatu wa kuulizwa maswali mbele ya wageni, na maswali yenyewe tulikuwa tumeyafanyia mazoezi wiki nzima, kila mmoja na lake (mgeni angeuliza lingine tungezirai). Langu lilikuwa hili neno la Kiingereza, nature, ambalo kwa Kiswahili huwezi kulitafsiri kwa neno moja. Nilitakiwa nitofautishe maumbile, hulka na tabia, kisha nikae.

Nyumbani siku hizo hatukuwa na raha. Kaka yangu Karanja alikuwa amefika umri wa kuchukua kipande (kitambulisho cha serikali), na nyapara wa kiwanda kimoja cha nguo mjini Eldoret alikuwa amemwambia akuje nacho, kazi iko. Lakini kipande hakitoki mpaka chifu akubali kwamba anakutambua kuwa mtu wa eneo lake. Baba alikuwa ameenda kwa chifu sijui mara ngapi, kofia mkononi, kumweleza kwamba Karanja amezaliwa hapa Yamumbi na kukulia hapa, na kwamba sisi hatuna kwingine. Chifu alisema atafikiria. Nyumba nzima tulikuwa tunangojea afikirie.

Na mgeni wa heshima siku ya wazazi alikuwa nani? Huyo huyo chifu.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikasema macho yakiwa kwa viatu vya mwalimu: maumbile ni vile kitu kilivyoumbwa, ng'ombe ana pembe na mkia, hulka ni moyo aliozaliwa nao, huyu mpole, yule mkali, tabia ni ya kuzoea, ng'ombe anayepigwa na mkamuaji atajifunza kurusha teke, na kesho atamrushia hata mtoto asiye na makosa.

"Huyo anamjua ng'ombe wangu," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Mimi sikuwa nimewahi kupigiwa makofi. Yalinipanda kichwani kama chang'aa (ambayo sijaonja). Nilikuwa hata nimeanza kuinama nikae, lakini nikaamua kuongeza neno moja tu, la kwangu mwenyewe, ambalo mwalimu hakunipa.

"Pia kuna asili," nikasema.

Mwalimu akanitazama. Chifu akaweka soda yake chini. "Hilo ni zuri. Fafanua, msichana."

"Asili ni pale mtu alipotoka, hata kama sasa anaishi kwingine. Kama sisi. Tunaishi Yamumbi, lakini asili yetu ni Murang'a."

Nikamwona mama katikati ya wazazi akitikisa kichwa, leso ameishika mdomoni. Na mimi, kwa hiki kichwa changu, nikafikiri ananiambia sijaeleza vizuri. Nikapaza sauti. Nikasema babu yangu amezikwa huko, na tuna kishamba huko, na baba husema hata yeye akifa asizikwe hapa, arudishwe kwao.

Majirani zetu wakatazama nyasi. Baba, aliyekuwa amesimama karibu na geti, akavaa kofia yake akatoka. Aliyepiga makofi ni chifu peke yake, polepole, kisha akamgeukia hedmasta. "Huyu mtoto ni mkweli. Mpeni zawadi." Nikapewa beseni. Nilitembea nalo mpaka nyumbani peke yangu (siku hiyo hata sisi wa bweni tuliruhusiwa), nikijua nilichofanya, maana nilikijua mara tu nilipokaa.

Hakuna aliyenipiga. Ningeshukuru kupigwa. Mama alisema tu, "Njeri, si ulikuwa umemaliza?" Baba hakula.

Jumatatu Karanja akaenda kwa ofisi ya chifu. "Kijana, dada yako ameshanieleza mbele ya watu wote," akaambiwa. "Nenda kwa chifu wa kwenu." Akaenda Murang'a, akalala kwa shangazi, na asubuhi chifu wa huko akamwuliza amezaliwa wapi, amesoma wapi, na ni jirani gani wa huko anayemjua tangu utoto. Karanja akasema ukweli.

"Basi wewe ni wa Eldoret. Mimi sikujui."

Kiwandani wakachukua mtu mwingine. Sasa Karanja analima shamba la mtu huko Soy na mjini haji, kwa sababu askari akikusimamisha huna kipande, unalala ndani ya seli. Ameshalala ndani mara moja. Alipotoka aliomba tu maji ya kuoga.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimetoka shule kwa ruhusa, naye akaja akipitia ndani ya mahindi. Nilimpelekea chai nyuma ya jikoni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha, lakini yeye ndiye akaanza.

"Njeri, huyo mwalimu wenu hana neno la mtu kama mimi?"

Hakuwa ananicheka. Alikuwa anauliza.

Nikamwongezea kikombe. Akamaliza chai.

Nimeapa kwamba mkubwa yeyote akiniuliza kitu nitajibu nilichoulizwa, basi, hata akinisifu, hata wakipiga makofi mpaka jioni. Kwetu siku hizi nina kazi moja tu ya kusema. Karanja akitaka kurudi Soy natangulia mimi, natazama barabara huku na huku, kisha namwambia, "Pita."