Kura Saba za Ekerenyo

Mvua ndiyo iliyotangulia kunifikia. Ilipiga mabati kwa nguvu ndani ya simu yangu, nami nimekaa Kisauni, Mombasa, kwenye jua kali, nimeziba sikio moja ili nisikie vizuri. Chini ya mvua hiyo watoto wengi walikuwa wanacheka, kisha sauti ya msichana mmoja ikapanda juu ya zote: "Madam, imekataa tena! Nimeiambia vizuri na imekataa!"

Ujumbe huo wa sauti ulitoka kwa Nyaboke, rafiki yangu tangu chuoni, ambaye sasa anafundisha gredi ya nane karibu na Ekerenyo, huko Nyamira. Wanafunzi arobaini walikuwa wakijifunza kuandika programu za kompyuta kwenye simu moja, simu yake, kila mmoja akingoja zamu. Baada ya kelele zile aliongeza maneno machache tu: "Uliniambia ofisini kwenu kuna laptopu zimelala kabatini. Zilete."

Mimi ni mwandishi wa riwaya, ila riwaya bado hazijaweza kunilisha, kwa hiyo mchana ninatengeneza tovuti. Nilimwomba mkubwa wangu zile laptopu sita kuukuu. Alinipa kwa sharti moja: zipate chumba maalumu chenye kufuli, la sivyo nirudi nazo Mombasa.

Jumapili nilipanda treni hadi Nairobi, mashine tatu begani na tatu mapajani. Jumatatu asubuhi nikashika basi la Kisii. Baada ya Narok nchi ilikuwa ya manjano na pana, ngano na anga tu. Tulipoipita Sotik ardhi ilianza kuinuka na kukunjamana, ikavaa kijani kibichi ambacho sikuwahi kukiona pwani. Chai ilishuka mabondeni ikiwa imesawazishwa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Migomba ilisimama hadi kwenye kuta za nyumba. Hakuna kipande cha udongo kilichoachwa kikae bure.

Saa kumi jioni Nyaboke alinipokea mjini Kisii na gari dogo la kukodi, akazifunika mashine kwa shuka lake mwenyewe. Tulilala Ikonge, kwa mama yake. Tulipofika mlangoni aliita, "Baba!" Nikajiweka sawa kumwamkia mzee. Akatoka mama mmoja akijifuta mikono.

Nyaboke alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwetu baba ndiye mama. Baba wenu sisi tunamwita tata. Usiniulize kwa nini, nilizaliwa nikakuta hivyo."

"Karibu, mwanangu," mama akasema. "Huko Mombasa hawali? Mbona umekauka hivi?" Akaniwekea ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu ambazo uchungu wake unakuja nyuma, ukishameza. Nilimaliza sahani. Akaniongezea bila kuniuliza.

Jumanne, saa mbili asubuhi, bodaboda mbili zilitupeleka shuleni. Darasa lilisimama lote. Niligawa mashine, wanafunzi saba hapa, saba pale. Kisha msichana mmoja wa mbele aliyetumia mkono wa kushoto akauliza, "Mwalimu, nisipoigusa itarara?"

Sasa niseme kosa langu. Nimelelewa katika nyumba ambayo Kiswahili kikipinda kidogo mtu hukinyoosha papo hapo. Nikamwambia, "Si itarara. Ni italala. La, la, la. Semeni nyote." Wakasema. Nikawasahihisha tena. Nikawaambia wana tabia ya kuweka R mahali pa L, wajihadhari nayo. Kufikia mwisho wa kipindi hakuna mkono hata mmoja uliokuwa juu.

Nyaboke alinivuta nje. "Ekegusii chetu hakina hiyo L yako. Masikio yao hayajawahi kuihitaji. Umetumia dakika tano kuwafundisha kunyamaza."

Niliingia tena nikawaomba radhi, na kijana mmoja aitwaye Onchiri, mwenye mdomo usiofungika, akanisamehe kwa niaba ya wote: "Hakuna noma, Mwalimu wa Mombasa. Wewe pia hujui kusema chinsaga."

Yule wa mkono wa kushoto aliitwa Kemunto. Sauti yake ndiyo niliyoisikia Kisauni. Jumatano alinionyesha daftari lake la hesabu. Upande mmoja kulikuwa na hesabu. Upande wa pili, ukurasa baada ya ukurasa, programu zilizoandikwa kwa kalamu, mistari imesogezwa ndani inavyotakiwa, makosa yamefutwa na kurekebishwa. Alikuwa ameziandika kwao, akitoka kuchuma chai, bila kompyuta yoyote karibu. Moja ilikuwa ya kuhesabu kura. Uchaguzi wa kiranja wa darasa ulikuwa umeleta ugomvi, akaona afadhali ihesabu mashine, isiyo na rafiki. Tuliichapa Alhamisi. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Darasa lilipiga kelele hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Lakini chumba kilikuwa bado hakijapatikana. Shule ilikuwa na chumba kimoja tu kitupu, na mwenyekiti wa bodi, Bi. Kwamboka, muuguzi mstaafu, alikitaka kiwe stoo ya mbolea ya shamba la chai la shule. Bodi ingekuja Ijumaa kuona hizo mashine zina faida gani. Wasiporidhika, ningerudi nazo Jumatatu, na gredi ya nane ingerudi kwenye foleni ya simu moja. Kemunto ndiye aliyewaza: wasitazame mfano tu. Wapige kura juu ya chumba chenyewe, kwa programu yake.

Ijumaa, saa tisa alasiri, wajumbe saba waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Bi. Kwamboka aliitazama saa yake kabla ya kutazama kitu kingine. "Jua likizama ni Sabato, na mimi sijapika wala kuchota maji. Haya, tuonyesheni haraka."

Kemunto alisimama, miguu imeshikana. "Mutakuja mmoja mmoja. Ukitaka tupewe chumba, bonyeza Ndiyo. Hutaki, bonyeza Hapana. Hakuna mtu atakuona."

Walikuja, mmoja mmoja, wengine wakibonyeza kwa kidole kigumu kama wanamwamsha mtu. Wa saba alipoketi, Kemunto aliuliza mashine matokeo.

Ndiyo, sifuri. Hapana, sifuri.

"Sifuri?" Bi. Kwamboka akasema. "Si nimebonyeza mimi mwenyewe?"

"Hata huku zinaibwa!" mjumbe mmoja akasema, na madawati yakatikisika kwa kicheko.

Onchiri hakuweza kujizuia. "Imekula kura zetu!" Mdomoni mwake maneno yale yalitoka hivi: imekura kura.

Niliona kosa. Nililelewa kuyasikia maneno hayo mawili kuwa tofauti, nikaliona pale pale kwenye skrini, nikainuka. Nyaboke akanishika mkono, akanikalisha.

Kemunto hakuwa anacheka. "Onchiri, rudia."

"Nini?"

"Hiyo umesema. Rudia polepole."

"Imekura kura."

Aliinamia skrini. Kidole chake kilipita juu ya mistari, herufi kwa herufi, kama mtu anayechambua mchele. Kilisimama. Alipoinuka alikuwa akizungumza na Bi. Kwamboka peke yake.

"Hii mistari miwili nilipanga tena asubuhi. Onchiri alikuwa ananisomea kwa daftari, mimi nachapa. Juu, kisanduku cha kuhesabu nimekiita kura. Chini, pahali pa kuongeza, nimeandika kula. Kwa masikio yetu ni kitu moja. Kwa mashine ni visanduku viwili. Kura zenu zote ziko kwa hicho kingine. Mimi nimeuliza hiki cha kwanza, na hakina kitu."

"Na kwa nini uliandika hivyo?"

Kemunto alinitazama haraka, akaangalia chini. "Tulifunzwa tunakosea, tunaweka R pahali pa L. Nikaona hapa niweke L, nisikosee."

Vichwa saba vilinigeukia.

"Kosa ni langu," nikasema. "Yeye alikuwa sawa tangu mwanzo."

"Kumbe aliyekula kura ni wa Mombasa," Bi. Kwamboka akasema, na safari hii hata Kemunto alicheka.

Kemunto alibadilisha herufi mbili, moja ya Ndiyo na moja ya Hapana. Wajumbe wakapanga foleni upya, sasa bila kutazama saa, na nikaona wawili wakinong'onezana jinsi mashine inavyotofautisha herufi. Kemunto akauliza matokeo.

Ndiyo, tano. Hapana, mbili.

Darasa lilisubiri, kama vile tarakimu hizo zingeweza kubadilika. Hazikubadilika.

"Hao wawili ni akina nani?" mjumbe mmoja akauliza.

"Programu haijui," Kemunto akajibu. "Sikuiambia iweke majina."

"Na usiiambie kamwe," Bi. Kwamboka akasema. Alifungua pochi, akatoa ufunguo wa chumba, akauweka juu ya dawati la Kemunto. "Mbolea nitaihifadhi kwangu mpaka tupate pengine. Umetafuta kosa lako mbele yetu na hukulificha. Mimi nimefanya kazi hospitalini miaka mingi, najua hiyo ni ngumu." Kisha akatoka kwa haraka, maana jua lilikuwa limeanza kushuka.

Sikulia. Nilijifanya ninakunja nyaya.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kushuka Kisii kutafuta basi, nilipita kuwaaga. Chumba kilikuwa kimepigwa deki na mashine zimepangwa ukutani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuaga, mazuri, ya mwandishi. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wamelizunguka dawati la Kemunto wakibishana kwa Ekegusii.

"Mnatengeneza nini?" nikauliza.

"Mtu akiandika rara ama lala, ikubali yote," Kemunto akasema, macho kwenye skrini. "Si ni sisi tutaitumia? Wacha itujue."

Miaka yote hii nimeilinda lugha kama mtu anayelinda shamba dhidi ya wapitao. Msichana wa miaka kumi na minne alikuwa akiifungulia njia, na haikuharibika hata jani. Nilipanda hadi Nyamira kufundisha, nimeshuka nikiwa mwanafunzi, na sijapata kujivunia kitu kama kosa lile ambalo sikuachiwa nilirekebishe.

Uwanjani kwaya ya wadogo ilianza mazoezi, sauti zikajaa chumbani. Nikasema kwaherini. "Sawa, Mwalimu, safari njema," wakanijibu, nusu yao wakiwa tayari wamerudi kwenye mabishano. Nikatoka. Sijafika hata ngazini, Onchiri akauvuta mlango nyuma yangu, ili wasikilizane.