Kistari kwenye Fomu ya Enos Wakoli

Mimi ndiye niliyeandika kile kistari, kwa hiyo lawama zianzie kwangu.

Ilikuwa mwaka 1969, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Kisumu, nilikokuwa karani wa mishahara. Enos Wakoli alikuwa fundi wa mitambo, Mbukusu mrefu ambaye mikono yake haikuisha grisi hata Jumapili kanisani. Mashine ikigoma, meneja hakuita mtu mwingine. Mwaka huo alipandishwa kuwa fomani, na mshahara mpya ukamwingiza kwenye bima ya hospitali. Wengi tulimwonea wivu. Nikamwita ofisini, nikatoa fomu.

"Bibi?"

"Nekoye."

"Watoto wangapi?"

"Wako."

"Najua wako, omera, ndugu yangu. Wangapi?"

Enos akatazama dirishani. "Bwana Oduor, wewe unajua hiyo kitu haifanywi."

Nilijua. Kwetu Wajaluo na kwao Wabukusu ni yale yale: ng'ombe hawahesabiwi, na watoto ndio kabisa. Mama yake Enos, Wakhisi, alihesabiwa watoto wake na watu wa sensa enzi za mkoloni, na kabla ya mavuno surua ikachukua wawili. Nani angemwambia mama yule kwamba surua haisomi daftari? Lakini Enos ningeweza kumweleza kwamba pasipo majina hakuna matibabu. Badala yake nilicheka, maana saa ya chakula ilikuwa imefika, nikapiga kistari mahali pa watoto. Akatia sahihi, akaenda zake. Kila mwezi nikawa namkata bima bila kukosa.

Miaka mitatu baadaye, binti yake Nabututu, wa miaka minane, aliumia mguu akiruka mtaro huko Kaloleni walikokaa. Kidonda kilifunga juu, lakini ndani mfupa ukaanza kutunga usaha, na homa haikushuka. Daktari wa hospitali moja ya binafsi kule Milimani aliukagua mguu, akasema mfupa usafishwe wiki ile ile, la sivyo mguu utaharibika. Enos akatoa kadi yake kwa fahari. Mama wa mapokezi akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mzee, hapa huna mtoto."

"Na huyu nimebeba ni nini?"

"Kadi inasema wewe na bibi yako tu. Lipa, au uende warekebishe."

Fedha waliyotaka hakuwa nayo, wala mimi sikuwa nayo. Kule hospitali ya serikali, kwenye matibabu ya bure, daktari wa mifupa alikuja kutoka Nairobi mara moja tu kwa mwezi, na mwezi huo alikuwa ameshakuja na kuondoka.

Tukaenda pamoja kwenye ofisi ya bima. Enos alitaka aongezwe Nabututu peke yake. Kijana wa dirishani akatikisa kichwa: orodha huletwa nzima, idadi kamili, na barua ya chifu kwa kila mtoto aliyezaliwa nyumbani. Wote walizaliwa nyumbani, mikononi mwa Wakhisi. Enos akapanda basi kwenda kwao. Chifu hakuwepo, akamngoja siku tatu. Wakhisi naye akakataa kutaja miaka waliyozaliwa.

"Hiyo mambo ilininyang'anya wawili," alimwambia. "Unataka nikupe na hawa?"

Basi Enos akahesabu mwenyewe mbele ya chifu, mama yake akiwa ameziba masikio kwa mikono. Sita. Aliponisimulia aliporudi, neno hilo alilinong'ona.

Siku ya kumi na moja tulirudi dirishani. Kijana akasoma barua zote polepole, akagonga muhuri.

"Sawa. Majina mapya yataanza kufanya kazi baada ya siku tisini."

Nilimtukana kijana yule kwa Kijaluo. Akanijibu kwa Kijaluo, kwa adabu, kwamba yeye hakutunga sheria. Hata mimi sikutunga. Katika ofisi zote nilizowahi kuingia maishani, sijamkuta mtu hata mmoja aliyetunga sheria! Enos alichukua risiti yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

Daktari wa mifupa alikuja mwezi uliofuata, akampasua mtoto. Uhai ulibaki, lakini goti lilikataa kukunjika. Kadi mpya ikaja baadaye na majina sita yaliyopigwa taipu vizuri, bila kosa hata moja.

Tangu hapo Enos akawa tabu ofisini kwangu. Nikimwita mtu kujaza fomu ya bima, yeye huyo mlangoni. Mtu akianza "wako tu," Enos humwita Nabututu, aliyekuwa akimletea chakula cha mchana siku za likizo. "Tembea mpaka pale kwa mfereji, urudi." Binti alitembea, ule mguu ukichora nusu duara vumbini. Mtu alitazama, kisha alitaja majina. Nilijaza fomu nyingi namna hiyo. Naona haya kusema kwamba nilifurahi.

Mwaka 1974 akaajiriwa Gordon, mtu wa mizani, kutoka Bondo.

"Bibi ni Aoko," aliniambia. "Watoto wako tu, karani. Weka hivyo."

Enos alikuwa ameshafika. "Nabututu! Tembea, huyu aone."

Binti akaweka bakuli chini. "Hapana, Baba."

"Unasema nini?"

"Waambie kwa mdomo. Mimi sitembei tena. Kiwanda mzima wanajua mguu yangu, na hakuna mtu anajua niko darasa gani."

Mimi nikashika kalamu kama mjinga. Gordon ndiye aliyekohoa kidogo, akaanza kuwataja watoto wake mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, nami nikaandika. Nilipoinua kichwa, Enos alikuwa ameketi sakafuni kando ya binti yake, akimwomba msamaha kwa lugha yao, naye binti akiutazama mlango.