Salamanda Aliyeanguka Kutoka Kwenye Tao

Kwa miaka thelathini na minne Eufrosina, jirani yangu, ndiye aliyefunga tao la maua kwenye mlango wa kanisa letu la San Andrés. Maua huletwa kutoka milima yetu miwili, mmoja uitwao Juu na mwingine Chemchemi; ni yale yanayoota juu ya mialoni na kushika maji katikati ya majani. Kila mlima una watu wake, mimi na Eufrosina ni wa Chemchemi, na kila nyumba huyafukiza maua yake kwanza kwa moshi ili wadudu watoke. Ukiangusha mdudu kanisani, utasemwa mpaka Pasaka.

Mwaka huu sikukuu ilitukuta roho juu. Jumapili mkutano wa kijiji ungeamua kama misonobari ya Chemchemi ikatwe, na maji yetu sote ni ya huko. Maricruz, mtaalamu wa wanyama, alituahidi kwamba akimpata huko mnyama adimu anayemtafuta, ataomba mlima uachwe. Sisi tulitarajia kitu chenye manyoya.

Basi katikati ya misa kikaanguka kutoka kwenye tao kidude chembamba kama njiti ya kiberiti, umbo la mjusi, ngozi ya chura. Wanawake tukabana sketi tukakimbia, maana husemwa salamanda kama huyo huingia tumboni mwa mwanamke. Maricruz akamfunika kwa kifuniko cha chupa.

“Mama Eufrosina, ametoka mlima gani?”

“Siyo kwetu! Chemchemi tunafukiza. Waulize wavivu wa Juu.”

“Una hakika, mama?”

“Mwanangu, nimeyafunga mwenyewe.”

Maricruz akaandika, uso umemshuka. “Basi ni yule wa kawaida. Wa Juu na wa Chemchemi wanafanana kama mapacha, mlima ndio unaowatenganisha. Niliyekuwa namtafuta ni wa Chemchemi.”

Eufrosina akashika tao. Maua yote yalikuwa yamechanganyika kwa mikono yake.

“Futa hapo. Ametoka kwetu. Niliona aibu tu.”

“Kumbe amehama wakati wa misa?” akadakia Fidencio wa Juu. Watu wakacheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

“Mama, niambie kweli.”

“Sijui, mwanangu. Haki ya Mungu, sijui.”

Maricruz akafunga daftari. Asiyejua haandikwi, na bila maandishi hakuwa na ombi la kupeleka mkutanoni.

Jumapili mikono iliyoinuliwa kutaka misonobari ikatwe ilizidi kwa mitano. Tulirudi nyumbani, misumeno ikitarajiwa kesho yake. Mlangoni kwake Eufrosina akanishika mkono.

“Hebu niambie wewe. Pale mwanzo, niliposema siyo kwetu, nilidanganya au nilisema kweli?”

Ningejuaje?