Kibuyu cha Mama

Moshi wa kuni ulinipokea kabla ya mwenye nyumba. Ilikuwa kijijini huko Vietnam, mwaka jana, nilikokwenda kwa mafunzo ya kilimo, na siku ya mwisho wakatupakia kwenye basi dogo tutembezwe vijijini na kuonja vyakula vya wenyeji. Tulikuwa tumekwisha kula wali uliofungwa kwenye majani ya mgomba na samaki wa mtoni, na wenzangu walipiga picha kila sufuria kana kwamba ni bibi harusi. Tulipoketi mkekani tupewe supu, likapungua bakuli moja. Bibi mwenye nyumba alisita, akapanda kigoda, akashusha bakuli lililokaa peke yake juu ya rafu, akalifuta kwa upindo wa blauzi yake na kunijazia mimi. Wenzangu wakaanza kunywa. Mimi nililishika tu, kwa sababu kimawazo nilikuwa nimerudi Endasak, jikoni kwa bibi yangu, mtoto wa darasa la tatu.

Kwetu, chini ya Mlima Hanang, maziwa ya mgando hukaa kwenye kibuyu kilichofukizwa. Bibi alichoma kijiti cha mzeituni pori mpaka kikawa kaa, akakitia ndani ya kibuyu na kukisugua huku na huku, na jiko lote likajaa harufu tamu yenye uchungu kwa mbali. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na kibuyu chake kwenye msumari wake. Cha Bibi kilikuwa kikubwa, changu kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa ngozi, na cha mama kilivishwa shanga nyeupe shingoni. Mama alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi Tunduma, akaniacha kwa Bibi akisema atarudi mahindi yakikomaa. Mahindi yalikomaa, yakavunwa, yakapandwa mengine. Lakini kila Jumamosi Bibi alikifukiza kibuyu cha mama pamoja na vyetu, maana kwetu aliye safarini hatakiwi kurudi akakuta chombo chake kinanuka ukungu. Simu hatukuwa nayo. Nilikuwa na ile harufu ya Jumamosi, na ilinitosha kuamini kwamba anakuja.

Kiangazi kile ndipo watalii walipoanza kuletwa nyumbani. Aliyewaleta alikuwa Rajabu, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh, mwepesi wa maneno, aliyegundua kwamba wazungu wakishuka mlimani huwa na njaa na maswali mengi. Alimwomba Bibi awapikie makande na mboga ya mnafu, na maziwa wanywe kwenye vibuyu kama wenyeji. Bibi aliazima vibuyu kwa majirani na kuipokea kazi ile kwa moyo mmoja, ila nadhani hakuelewa hata siku moja kwamba ni biashara. Kwake walikuwa wageni, basi. Aliwauliza kama ng'ombe wao hawajambo na kama wazazi wao wanajua wako wapi, na Rajabu alitafsiri anachotaka. Kadiri nyumba ilivyojaa ndivyo nilivyozidi kuwa mpweke, kwa sababu kila mbwa alipobweka nilikimbia njiani, na kila mara walikuwa wao.

Siku moja kundi lilikuja na mtu wa ziada, kijana aliyebabuka pua kwa jua.

"Shikamoo, Bibi," Rajabu alisema. "Leo wameongezeka. Huyu mmoja mpe tu kikombe, hana neno."

"Marahaba. Kikombe?" Bibi alishangaa kwelikweli. "Wenzake wanywe kwenye vibuyu, yeye nimpe kikombe kama mtu aliyekosa? Akifika kwao atasema nini?"

Akainua mkono hadi kwenye msumari wa mama.

"Bibi, hicho ni cha mama."

"Najua ni cha nani."

"Na akija leo?"

Bibi alikuwa ameshaanza kumimina. "Akija leo tutamwazimia kwa jirani," alisema, "kama hawa."

Yule kijana alionja kidogo, akakunja uso, akacheka, akakiweka kibuyu sakafuni karibu na kiatu chake. Walipoondoka Bibi aliviosha vyote, na cha mama akakitia kwenye kikapu cha vibuyu vya wageni. Msumari ulibaki mtupu. Nililia nyuma ya zizi, si kwa sababu ya mzungu yule, bali kwa sababu nilijua kwamba sasa ninamsubiri mama peke yangu. Nikakirudisha kibuyu mahali pake. Walipokuja wageni wengine Bibi alikishusha tena, na walipoondoka nikakitundika tena. Tuliendelea hivyo mpaka mvua zikaanza na watalii wakaacha kuja, wala hatukugombana.

Mama alikuja tulipomzika Bibi, nikiwa mtu mzima tayari. Asubuhi ile nilikifukiza kibuyu cha mama, nikakijaza maziwa. Aliketi ukingoni mwa benchi, mkoba mapajani, kama waketivyo wageni.

"Nipe chai ya rangi tu, mwanangu," alisema. "Maziwa siku hizi yananisumbua tumbo."

Msumari hakuutazama. Maziwa nikayanywa mwenyewe, jikoni, yote.

Kule Vietnam mwongozaji alikuwa ameshaanza kutuhimiza tupande basi, hivyo sikupata wa kumuuliza bakuli lile ni la nani. Pengine halikuwa la mtu. Nilimaliza supu ingawa pilipili ilinitoa machozi, nikaliosha bakuli mwenyewe, nikapanda kigoda na kulirudisha rafuni. Wenzangu walicheka. Bibi yule hakucheka.

Siku hizi Endasak wageni hufika kwa pikipiki, simu zimeinuliwa, na hupewa vikombe vya plastiki. Mimi naishi Mbulu mjini, sina ng'ombe, maziwa nanunua ya pakiti. Kibuyu cha mama kimetundikwa jikoni kwangu na bado nakifukiza kila Jumamosi, mpaka jirani hudhani nimeunguza maharage. Mama hunipigia simu mara mojamoja. Jumamosi iliyopita alinikuta katikati ya kazi hiyo, akaniuliza mbona anasikia kitu kinasuguliwa. Nikamwambia naosha vyombo.