Vigelegele Ukumbini Thika

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipofukuzwa nisifukuzike. Wewe unayeogopa kuingia kwa watu kwa kuwa hujui uma upi ushikwe kwanza, kaa hapa karibu nami, na hiyo simu uiweke kando.

Nilikuwa msichana wa kuchuma kahawa Ruiru, miaka ya hamsini ikianza, kabla ya Hali ya Hatari ya mkoloni kutufungia njia. Kitu kimoja nilikipenda kupita chakula: kuimba. Kwaya ya kanisa ndiyo iliyokuwa shule yangu, maana ile ya kusoma nilitolewa mapema nikalee wadogo zangu. Juma lile mwalimu wetu wa kwaya, mtu mwembamba aliyevaa kola ya pasi hata siku ya kulima, akatuletea habari kwamba wapigaji fidla kutoka ng'ambo watapiga Thika, na padri ametuombea nafasi tukasikilize.

Thika nilikuwa sijawahi kufika. Ni karibu, ndiyo, lakini aliyezaliwa kwenye shamba la Mzungu hatembei ovyo. Tulifika mapema, nikazunguka mji mpaka shingo ikauma: maduka ya Wahindi yenye vitambaa vimening'inizwa mpaka barabarani, mafundi cherehani kwenye veranda, harufu ya mkonge. Nilimuuliza kila mtu kila kitu, maana kuuliza si ujinga. Ila la ukumbini sikujua kwamba kuna la kuuliza.

Tulipewa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mgeni ni kuku mweupe, wanasema. Siku hiyo weupe walikuwa wao, na bado tulioonekana ni sisi.

Wakaanza. Mwanangu, sikuwa nimesikia kitu kama kile. Fidla moja inauliza, nyingine inajibu, na ile kubwa ya kushikwa katikati ya magoti inazituliza zote kama mama mwenye boma. Nililia, wala sioni haya kusema. Halafu zikanyamaza. Nikangoja watu washukuru. Kimya. Mmoja akakohoa, mwingine akapangusa miwani. Nikajiuliza, watu wametoka jasho hivi, na hakuna hata wa kusema asante? Kwetu jema likifika, mwanamke hakai kimya. Nikasimama nikapiga vigelegele, zile ngemi ndefu tunazompokelea mtoto wa kiume.

Kumbe haikuwa mwisho. Wenyewe wana desturi kwamba wimbo una vipande, na kati ya kipande na kipande hakuna anayepiga hata kofi. Ukumbi mzima uligeuka. Mzee wa Kizungu aliyekuwa mlangoni akaja, akaninyooshea kidole nje.

Mwalimu akaninong'oneza, uso umemshuka: "Toka, Wanjiru. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho."

"Kufumba nitafumba, Mwalimu," nikamwambia. "Nitanyamaza mpaka mwisho. Lakini kutoka sitoki. Nimealikwa."

Nikakaa, nikashika benchi kwa mikono miwili. Wapigaji walikuwa wameshainua fidla zao, na kunivuta kungeleta kelele kupita zangu, basi yule mzee akabaki amesimama juu yangu akihema. Nikasikiliza kila kipande kilichobaki na pumzi yake iko kichwani pangu. Walipomaliza kweli na watu wakapiga makofi, nikasimama tena nikapiga ngemi, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Sasa nilijua wakati wake.

Mwalimu hakunisamehe. Jumapili akataka nisimame mbele ya kanisa nitubu, la sivyo kwaya niisahau. Alijua ameshika wapi. Nje ya kwaya sikuwa na kitu changu duniani. Nikasimama.

"Sikujua desturi yao, na sasa naijua," nikasema. "Lakini kutubu kwa sababu nilishukuru, hapana."

Nikavua kanzu nyeupe ya kwaya, nikaikunja vizuri, nikaenda kukaa na akina mama.

Sikurudishwa. Ningekwambia nilirudishwa hadithi ingekuwa tamu, lakini ungekuwa uongo. Iliniuma miaka mingi, na hata leo wakiimba sauti ya pili, iliyokuwa yangu, koo langu linawasha. Kujuta sijajuta hata siku moja.

Basi shika hili. Ukienda kwa watu, uliza desturi zao, na ukizijua zifuate. Huo ni utu, si utumwa. Ukikosea kwa kutojua, sema hukujua, kisha ukae uendelee kusikiliza. Lakini mtu akikutaka utubu kwa kuwa ulifurahi kwa namna ya kwenu, mkatalie mchana peupe, hata kama ameshika mkononi kile unachokipenda. Mwacha mila ni mtumwa. Atakunyang'anya, ndiyo, na utalia. Lia, halafu ujipanguse.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie milango ambayo mimi sikuifikia, na ukishaingia, akupe makalio mazito, asikuinue mtu.