Makoti ya Wiki Sita

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani yake, Mama Pindo aliokota kitambaa chakavu, akakipitisha mshono mmoja, kisha akakivuta kwa mikono miwili mpaka vidole vikamuuma. Uzi ukikatika, alikaza bobini ya uzi akajaribu upya. Usipokatika, ndipo alipoketi. Walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo lake halikufumuka hata suruali yenyewe ikichakaa. Miaka kumi na tisa alishona sare za jeshi katika kiwanda kile kile, juu ya kiti kile kile chenye mguu uliofungwa waya.

Kitinda mimba wake alikuwa askari. Viongozi walipopeleka jeshi nchi jirani, redio ilisema ni hatua ndogo tu: askari wachache, wiki sita, na mto wa huko hawavuki. Jioni ile ile Mama Pindo alikwenda kwa mkwe wake, mke wa huyo kijana, aliyekuwa na mimba ya miezi sita.

"Mwanangu, wiki sita si kitu," akamwambia. "Atarudi mtoto bado tumboni."

Kiwandani watu waligawanyika. Mkata vitambaa, Mzee Chaki, ambaye hata masikioni alikuwa na chaki, hakuficha lake.

"Unakatazwa kuvuka mto, na adui yuko ng'ambo anakulenga. Hiyo ni vita, au ni kupanga foleni ya risasi? Ama wapigane, ama warudi!"

"Wewe kata nguo," msimamizi alimjibu. "Wakivuka, na nchi nyingine zitaingia, tuungue sote. Viongozi wanazima moto taratibu."

"Wanazima kwa kijiko!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Pindo hakucheka. Aliona kila mmoja ana lake la kweli. Yeye alihesabu wiki tu.

Wiki ya tano ikaja oda mpya. Mzee Chaki alitandaza karatasi ya vipimo mezani, akaisoma, akairudia, akajikuna kichwa. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Pindo, ndiyo maana alimwita shemeji.

"Shemeji, hebu njoo. Makoti mazito, elfu nne, na bitana ya sufu."

Msimu wa baridi ulikuwa bado miezi minne. Mama Pindo akaipapasa ile karatasi kana kwamba ni kitambaa.

"Mtu anayerudi wiki ijayo, koti la nini?"

Mzee Chaki, bingwa wa kujibu, akaikunja karatasi, akaanza kunoa mkasi.

Mchana huo huo msimamizi akaja na mtangazaji wa redio, akamleta moja kwa moja kwenye cherehani ya Mama Pindo.

"Huyu ndiye mama yetu, mwanawe yuko kule. Mama, sema maneno mawili tu: tuna imani, wanarudi karibuni. Wazazi wenzako wakikusikia watatulia."

"Na makoti niyataje?"

"Makoti ni tahadhari tu, mama."

"Basi niseme hatujui watarudi lini. Hilo nitalisema, na makoti nitashona, hata ya miaka miwili."

"Usinitie matatani, mama yangu. Maneno mawili tu!"

Mtangazaji akamsogezea kinasa sauti. Mama Pindo akakitazama. Mkwe wake hushinda na redio dirishani, na sauti hii angeijua hata akiwa usingizini.

"Nilimdanganya mkwe wangu mara moja bila kujua," alisema. "Mara hii nitakuwa najua."

Akachukua mkasi wake, ule aliokuja nao siku ya kwanza kazini, akautia kwenye mkoba.

"Unakwenda chooni?" msimamizi akauliza. "Tunakusubiri."

"Msinisubiri."

Akatoka, akashika njia ya kwa mkwe wake. Kwenye cherehani ilibaki suruali, pindo la mguu mmoja limekwisha, la pili linaning'inia. Kesho yake Mzee Chaki ndiye aliyeitoa. Mama Pindo hakurudi tena.